Lisozaimu, tripsini, PhoA au APEX2: utumie ipi kusoma protini za ganda la bakteria?

Anayeanza kazi ya protini za ganda la bakteria hukwama hapahapa: nina protini yangu moja (au nina bakteria mzima na sijui huko nje ana protini gani), enzaimu ziko za kila aina, nianze na ipi? Ukiuliza, kila mtu anakutajia ile anayoitumia yeye, na mara nyingi haikusaidii manake yeye anatafuta kitu kingine na bakteria wake sio wako. Kwa hiyo hapa nimezipanga njia nne zilizozoeleka na zote nimeziuliza maswali yaleyale, uone mwenyewe ipi inakaa na kazi yako.

Kwanza ganda lenyewe, kwa kifupi tu, kwa sababu kila kitu kinategemea hapo. Bakteria wa Gram hasi kama E. coli ana utando wa ndani, alafu periplazimu (nafasi iliyo kati ya tando mbili) yenye ukuta mwembamba wa peptidoglaikani (wavu wa sukari na peptidi), alafu utando wa nje ambao uso wake umejaa lipopolisakaraidi (mafuta yaliyobeba minyororo ya sukari). Wa Gram chanya, kina Staphylococcus na Streptococcus, hana utando wa nje, ana utando mmoja na juu yake ukuta mnene. Mycobacteria wao wana mambo yao, juu ya ukuta kuna tabaka la asidi za maikoli, mafuta mazito ambayo vitu vingi vinashindwa kupenya.

Sasa shika jambo moja. Enzaimu ni kubwa. Tripsini ina kama kilodaltoni 23, wakati vitundu vya protini zinazoitwa porini kwenye utando wa nje wa E. coli vinapitisha vitu vidogo tu, hadi kama daltoni 600 hivi. Haipiti, na kule kutopita ndo faida yenyewe! Karibu kila njia hapa chini inafanya kazi kwa sababu kuna mahali enzaimu haifiki, au inafika lakini haiwezi kufanya kazi, na ukishajua kizuizi cha njia yako ni kipi unajua pia kwamba siku kizuizi hicho kikivunjika, matokeo yatakuja vizuri tu kwenye jeli (ile inayotenganisha protini kwa ukubwa) lakini yatakuwa ya uongo. Ndo maana kwenye kila njia nimekaa zaidi kwenye kontroli (vipimo vya kulinganishia) kuliko kwenye utaratibu wa kuchanganya bafa, utaratibu utaupata popote.

Maswali ninayoziuliza zote

Moja, inajibu nini hasa. Kuna swali la "protini ipo?", kuna "imeshikiliwa na nini?", kuna "imetazama upande gani?", na kuna "inakaa mtaa gani, na kina nani?". Ni maswali manne tofauti na watu wanayachanganya sana, mtu anaandika protini yangu iko juu ya uso wakati alichothibitisha ni kwamba imetoka saitoplazimu (ndani kabisa ya seli), basi.

Mbili, inamtaka bakteria gani, na je lazima uweze kumwingizia plasmidi (kipete cha DNA kilichobeba jeni unayotaka). Kama unafanya kazi na aina zilizotoka kwa wagonjwa ambazo hazikubali kabisa DNA ya nje, nusu ya njia zinakufa hapo.

Tatu, inagusa protini yako au inaiacha ilivyo. Nne, inakudanganyaje na utaigunduaje. Tano, inataka vifaa gani, jeli na kingamwili zinatosha au lazima masi spektrometa (mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake) iwepo.

Lisozaimu na ndugu zake: kula ukuta ili protini itoke

Hii ndo kongwe. Alexander Fleming aliitangaza lisozaimu mwaka 1922, miaka kadhaa kabla ya penisilini, na mpaka leo ile ya ute wa yai la kuku ipo karibu kila maabara. Kazi yake ni kukata kifungo kati ya sukari mbili zinazopokezana kwenye peptidoglaikani, asidi ya N-asetilimuramiki na N-asetiliglukosamini, ukuta unalegea na seli inabaki na utando tu.

Inajibu nini: imeshikiliwa na nini, na iko kwenye chumba kipi. Kwa Gram hasi unampa seli EDTA kwanza, inanyang'anya magnesiamu na kalsiamu zinazoshikilia lipopolisakaraidi pamoja, utando wa nje unafunguka kidogo, lisozaimu inaingia, na kwa kuwa umeweka sukrozi ya kama asilimia 20 seli haipasuki, inakuwa duara na kumwaga vilivyokuwa periplazimu. Unazungusha kwenye sentrifuji: kilichobaki kwenye maji ya juu ni periplazimu, chini ni seli zilizovuliwa. Wengi wanaongeza magnesiamu mwishoni ili hizo seli zilizovuliwa zisivunjike, na ukisahau hatua hiyo saitoplazimu inavuja alafu unajikuta una "protini za periplazimu" ambazo ni ribosomu.

Kwa Gram chanya ndo utamu ulipo kwa kweli. Kule kuna protini ambazo zimefungwa kabisa kemikali kwenye ukuta, hata uchemshe na SDS (sabuni kali) hazitoki. Protini A ya Staphylococcus aureus ni mfano unaojulikana kuliko yote: enzaimu inayoitwa sotezi inaikata kwenye alama ya LPXTG (mfuatano mfupi wa asidi amino), kati ya treonini na glaisini, na kuiunganisha na ukuta, na muundo wa kifungo hicho ulielezwa na Olaf Schneewind na wenzake mwaka 1995. Walijuaje? Kwa kukata ukuta na enzaimu tofauti na kuangalia protini imetoka na kipande gani cha ukuta mkiani. Njia ileile unaweza kuifanya na wewe leo.

Bakteria gani: hapa usichague kwa mazoea. S. aureus anaicheka lisozaimu, kwa sababu ana enzaimu yake, OatA, inayoongeza asetili kwenye ukuta na lisozaimu inashindwa kukata. Yeye mpe lisostafini, ambayo haigusi sukari kabisa, inakata madaraja ya glaisini tano yanayounganisha nyuzi za ukuta. Streptokoki na Listeria wengi wanaenda na mutanolisini, enzaimu kutoka Streptomyces globisporus, hii inakata sukari kama lisozaimu ila inavumilia kuta ambazo lisozaimu imezishindwa. Na tofauti hii ya mahali pa kukata utaiona kwenye jeli: protini ileile ya S. aureus ikitolewa na lisostafini inatoka mstari mmoja safi, ikitolewa na enzaimu inayokata sukari inatoka ngazi au ukungu mrefu, kwa sababu kila molekuli imebeba kipande cha ukuta cha urefu wake. Ukungu huo sio jeli mbovu, ni taarifa. Mtu asikwambie urudie.

Inakudanganyaje: kupasuka kwa seli, hilo la kwanza, na dawa yake ni kupima protini ya saitoplazimu kama RpoB au EF-Tu kwenye sehemu yako ya periplazimu au ya ukuta, ikionekana nyingi ujue umevunja. La pili, lisozaimu yenyewe ni protini ya kilodaltoni 14 na umeimwaga nyingi, kwa hiyo chini ya jeli utapata bonge la mstari linaloficha protini zako ndogo zote za eneo hilo. La tatu, enzaimu hii haikwambii protini imetazama nje au ndani ya ukuta, inakwambia tu ilikuwa imeshikwa hapo.

Inagusa protini? Hapana, ukiacha kale kamkia ka ukuta. Vifaa: sentrifuji, jeli, kingamwili. Inamfaa mwenye protini anayoijua tayari na anayo kingamwili yake, na inamfaa sana mwenye bakteria asiyekubali plasmidi.

Tripsini na proteinezi K: kunyoa uso

Hapa hutaki kula ukuta, unataka kukata protini zenyewe pale zilipochomoza, seli ikiwa hai na nzima. Tripsini inakata baada ya laisini na arginini. Proteinezi K haina ubaguzi mkubwa, inakata karibu popote, na inaendelea kufanya kazi hata kwenye SDS, jambo zuri na baya kwa wakati mmoja, nitalirudia.

Inajibu nini: imetazama nje au la. Ina matumizi mawili na ni vizuri kuyatenganisha kichwani.

La kwanza ni kutafuta: una bakteria mzima, unataka orodha ya vilivyo usoni. Unampa tripsini kidogo kwa muda mfupi kwenye bafa yenye sukrozi, unaondoa seli, unachuja maji, vipande unavipeleka masi spektrometa. Mwaka 2006 Rodríguez-Ortega na wenzake walifanya hivi kwa Streptococcus pyogenes wakitafuta protini zinazofaa chanjo, na tangu hapo njia imesambaa, hasa kwa Gram chanya. Inavutia kwa sababu huhitaji kujua lolote kabla na hugusi jeni hata moja.

La pili ni kuhakiki: una protini moja, unaiuliza iko wapi. Hapa mimi ndo naona enzaimu hizi zinang'ara, na mpangilio wake ni mirija minne, usipunguze hata mmoja. Seli nzima bila enzaimu. Seli nzima na enzaimu. Seli zilizovuliwa utando wa nje, na enzaimu. Seli zilizovunjwa kabisa na sabuni kama Triton, na enzaimu. Protini ya usoni itapotea kwenye mrija wa pili, ya periplazimu itapotea kwenye wa tatu, ya saitoplazimu kwenye wa nne. Mrija wa nne watu wanauruka wakidhani ni mapambo, kumbe bila huo hujui kama protini yako inakatika kabisa. Zipo protini zimejikunja kiasi kwamba proteinezi haipati pa kushika, ukiona haijakatwa kwenye seli nzima ukasema "iko ndani" wakati hata ukiivunja seli haikatiki, hujathibitisha chochote.

OmpA ya E. coli ni mwalimu mzuri hapa. Nusu yake ya mbele, kama asidi amino 170, imejikunja kuwa pipa la nyuzi 8 ndani ya utando wa nje, nusu ya nyuma inaning'inia periplazimu. Kwenye seli nzima tripsini haiigusi vya maana. Ukifungua periplazimu, ile nusu ya nyuma inaliwa na unabaki na kipande cha kama kilodaltoni 24, lile pipa, ambalo halikatiki kwa sababu limejikunja na utando unalilinda. Kwa hiyo kipande kinachobaki kinakwambia mambo mawili kwa mpigo, kwamba nusu ya nyuma iko ndani ya utando wa nje na kwamba pipa limeingia utandoni sawasawa. Protini ambayo haijajikunja inaliwa yote. Watu wanaosoma jinsi protini za utando wa nje zinavyounganishwa wanaitegemea sana alama hii.

Na historia ya fani yenyewe imepitia hapa: Volkmar Braun na Kurt Rehn mwaka 1969 waliweka tripsini kwenye ukuta uliosafishwa wa E. coli na ndo ikaonekana kuna lipoprotini imefungwa kabisa kwenye peptidoglaikani, hii tunayoiita Lpp au lipoprotini ya Braun, mojawapo ya protini nyingi kuliko zote kwenye E. coli.

Bakteria gani: wote, kinadharia. Kwa vitendo kapsuli nene (koti la nje la bakteria) au minyororo mirefu ya lipopolisakaraidi inaweza kuificha protini ambayo kweli iko nje, kwa hiyo jibu la "haikatwi" lina uzito mdogo kuliko jibu la "inakatwa". Hili la mwisho liandike ukutani.

Inakudanganyaje: kwenye matumizi ya kutafuta, kinachosumbua ni protini za saitoplazimu kutokea kwenye orodha. Enolezi, GAPDH, EF-Tu, zinatokea karibu kila mara. Shida ni kwamba baadhi ya hizi kweli zimeonekana juu ya uso wa bakteria wengine na zina kazi huko, kwa hiyo huwezi kuzifuta zote kwa hasira wala kuziamini zote. Kontroli ni seli zilezile, bafa ileile, muda uleule, bila tripsini, alafu vilivyodondoka vyenyewe kwenye maji unavikata na tripsini baada ya kuondoa seli. Kinachotokea pande zote mbili kwa wingi uleule hakikunyolewa, kilivuja. Pia protini ambayo sehemu yake ya nje ni kitanzi kifupi kisicho na laisini wala arginini tripsini itaipita kama haipo.

Kwenye matumizi ya kuhakiki kinachokudanganya ni kutozima enzaimu. Proteinezi K ukiiacha hai inaendelea kukata ndani ya bafa ya SDS wakati unaandaa sampuli, seli imeshapasuka, kila kitu kinaliwa, na wewe unasoma kwamba kila protini iko usoni. Weka PMSF, kemikali ya kuizima, na iwe mpya kwa sababu ndani ya maji inaharibika haraka, alafu gandisha protini na asidi ya TCA. Ukiona hata protini ya saitoplazimu imepungua kwenye mrija wa pili, usiendelee kusoma jeli hiyo.

Inagusa protini? Haibadilishi jeni, ila inaikata, kwa hiyo huitumii tena. Vifaa: jeli na kingamwili kwa kuhakiki, masi spektrometa kwa kutafuta. Inamfaa anayeuliza swali la "nje au ndani" na anayo protini katika hali yake ya asili.

PhoA, LacZ na beta-laktamezi: enzaimu kama taa ya upande

Hizi hazikati ukuta wala protini yako. Unaunganisha jeni ya enzaimu mkiani mwa kipande cha protini yako, na enzaimu inawaka au inazima kutegemea imeishia upande gani wa utando wa ndani. PhoA, yaani fosfatezi ya alkali ya E. coli, inahitaji vifungo vya salfa kati ya sisteini zake ili ijikunje, na vifungo hivyo vinatengenezwa periplazimu, saitoplazimu vinagoma. LacZ (enzaimu ya E. coli inayokata sukari ya laktosi) ni kinyume, inafanya kazi saitoplazimu tu. Beta-laktamezi inamlinda bakteria dhidi ya ampisilini ikiwa imetoka nje ya utando wa ndani, kwa hiyo koloni inaishi au inakufa.

Inajibu nini: kitanzi hiki cha protini ya utando kiko upande gani. Colin Manoil na Jon Beckwith mwaka 1985 walitoa TnphoA, transposoni inayoruka na kubandika PhoA popote kwenye jenomu, koloni inayogeuka bluu kwenye X-Phos (kemikali ambayo PhoA inaigeuza rangi) ina protini inayotoka nje. Na kwa ukubwa, mwaka 2005 Daley na wenzake walitumia PhoA na GFP (protini ya kijani inayowaka ikiwa saitoplazimu) kupata mwisho wa protini 601 za utando wa ndani wa E. coli umetazama upande gani. Hakuna njia nyingine hapa iliyokwenda mbali hivyo kwa swali hili.

Bakteria gani: lazima akubali DNA, hilo halina mjadala. PhoA ni nyumbani kwake E. coli na jamaa zake, na mycobacteria pia imetumika sana. Kwa Gram chanya wengine uliza kwanza kama kuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi kwenye spishi yako.

Inakudanganyaje: umeikata protini na kubandika kitu kikubwa, kwa hiyo vipande vilivyo baada ya hapo, ambavyo labda ndo vilikuwa vinasaidia kuipanga protini utandoni, havipo tena. Kanuni ya Gunnar von Heijne ya 1986, kwamba vitanzi vyenye laisini na arginini nyingi hubaki ndani, inasaidia sana kuchagua pa kukata: usikate katikati ya kundi la chaji chanya, kata baada yake. Alafu kamwe usitegemee PhoA peke yake, kwa sababu PhoA kuzima kunaweza kumaanisha iko saitoplazimu, au protini imeoza kabla hujapima. Bandika LacZ au GFP pointi ileile, moja ikizima nyingine iwake, na pitisha kingamwili ya PhoA kuona kama protini ipo. Tumia bakteria asiye na phoA yake mwenyewe, na unapopima weka iodoasetamaidi ili ile iliyokuwa saitoplazimu isipate nafasi ya kujikunja baada ya seli kufunguka.

Haikwambii chochote kuhusu utando wa nje. PhoA inawaka periplazimu, basi, kama protini yako imefika usoni au imebaki hapo katikati hujui, kwa hilo rudi kwenye proteinezi.

Vifaa: sahani, X-Phos, spektrofotomita ya kawaida. Kwenye maabara yenye uwezo mdogo wa mashine lakini yenye mikono mizuri ya kuunga DNA, hii ndo inatoa jibu kubwa kwa vifaa vichache. Inamfaa mwenye protini ya utando wa ndani yenye mikunjo mingi, na siku hizi wengi wanaanza na utabiri wa kompyuta, alafu wanabandika PhoA kwenye zile pointi chache tu ambazo programu zinapingana.

APEX2: kupaka majirani alama

Ya karibuni zaidi kati ya hizi. APEX2, iliyotangazwa 2015, ni peroksidezi iliyotengenezwa kutoka enzaimu ya soya. Unaipeleka kwenye chumba unachotaka, unawapa seli biotini-fenoli, alafu haidrojeni peroksaidi kwa dakika moja tu, enzaimu inageuza fenoli kuwa radikali inayoishi chini ya milisekunde moja na kuganda kwenye tairosini za protini zilizo karibu. Unazima, unavunja seli, unavuta kila chenye biotini kwa shanga za streptavidini (protini inayoishika biotini), alafu unavipeleka masi spektrometa.

Inajibu nini: kina nani wako chumba hiki, seli ikiwa bado nzima. Radikali haivuki utando kirahisi, hicho ndo kizuizi chake. Lakini hapa kuna jambo linalopitwa mara nyingi. Eneo linalopakwa alama hukadiriwa kuwa kama nanomita 20, na kwenye seli ya mnyama hiyo ni kona ndogo. Periplazimu ya E. coli upana wake nayo ni wa kiwango hichohicho! Ni kama kupuliza rangi ndani ya chumba ambacho mkono wako unagusa kuta zote mbili. Kwa hiyo ukiiweka periplazimu na kupata orodha ya protini 100, hizo sio protini "zinazogusana na yako", ni protini za periplazimu. Swali la chumba inalijibu vizuri sana, swali la jirani wa mlango wa pili inalijibu kwa shida.

Bakteria gani: anayekubali DNA. Thamani yake kubwa naiona kwa mycobacteria, ambao kuwavua tabaka kwa tabaka bila kuwavunja ni kazi ngumu mno, na mwaka 2018 ilionyeshwa kwao kwamba alama zinaweza kuwekwa chumba kwa chumba. Kwa Gram hasi biotini-fenoli ni ndogo, daltoni mia tatu na kitu, inaweza kupita kwenye vitundu vya porini, lakini hakikisha kwenye bakteria wako.

Inakudanganyaje: enzaimu isiyofika. APEX2 inayosubiri kusafirishwa bado iko saitoplazimu na inapaka huko pia, kwa hiyo lazima uwe na aina ya pili yenye APEX2 isiyo na alama ya kusafiri, ulinganishe uwiano wa kila protini kati ya hizo mbili, na aina ya tatu isiyo na APEX2 kabisa. Inahitaji himu (molekuli yenye chuma), pima kama inafanya kazi baada ya kusafirishwa. Katalezi za bakteria zinakula peroksaidi yako. Na zipo protini zenye biotini ya asili: E. coli ana moja tu, ile BCCP ya kutengeneza mafuta, wakati mycobacteria wana zaidi. Kama mtu atakushauri TurboID (enzaimu nyingine ya kupaka biotini) badala yake, muulize ATP itatoka wapi, kwa sababu hiyo inaitaka na periplazimu haina.

Inagusa protini? Jeni za hizo unazosoma hapana, unaongeza enzaimu tu pembeni, ila protini zenyewe zinabaki na alama ya biotini. Vifaa: masi spektrometa nzuri na mtu wa takwimu. Inamfaa anayetaka picha ya chumba kizima, na ana muda wa kutengeneza aina zote tatu.

Sasa wewe uko wapi?

Una Staphylococcus au Streptococcus na unatafuta protini za uso zinazoweza kuonwa na kingamwili: nyoa na tripsini upate orodha, alafu chukua zile chache zinazokuvutia uzitoe kwa lisostafini au mutanolisini uone kama zimefungwa kwenye ukuta. Njia hizi mbili zinakosea kwa namna tofauti, zikikubaliana una kitu mkononi.

Una protini moja inayodhaniwa kuwa ya utando wa nje wa Gram hasi: mirija minne ya proteinezi K. Usianze na PhoA, itawaka na utafurahi bila kujua kama imefika nje.

Una protini ya utando wa ndani yenye mikunjo 10 na programu mbili zinabishana: PhoA na LacZ kwenye vitanzi vyenye utata. Kama hupendi kubandika kitu kikubwa hivyo, badili asidi amino moja moja kuwa sisteini na upime zinazofikika kwa kemikali, hiyo sio enzaimu ila inajibu swali lilelile kwa kuisumbua protini kidogo.

Unataka tu kutenganisha periplazimu na saitoplazimu kwa ajili ya kipimo cha kesho: lisozaimu na EDTA, usijisumbue na vingine.

Bakteria wako hakubali plasmidi: una lisozaimu na ndugu zake, una proteinezi. Zinatosha kwa mengi, na kwa kuwa protini iko katika hali yake ya asili hakuna atakayekuuliza kama kubandika kuliiharibu.

Una mycobacteria na unataka kujua nini kiko nje ya utando wa ndani: kama maabara ina masi spektrometa nenda APEX2, kama haina anza na PhoA au beta-laktamezi kwa protini moja moja, ila kwa beta-laktamezi tumia aina iliyofutwa beta-laktamezi yake ya asili, la sivyo kila koloni itaishi.

Na kama bado hujaamua ukiwa umefika hapa, jaribu kuandika sentensi ya matokeo unayotaka kuiweka kwenye ripoti, neno kwa neno. "Protini hii imefungwa kwenye ukuta", au "kitanzi hiki kiko periplazimu", au "sehemu hii imechomoza nje". Kitenzi ulichotumia kitakuchagulia enzaimu.